Mwongozo kamili wa kumtafutia mkongwe wa panki bendi mpya

Mwanza ina wapenzi wachache wa panki (punk), ule muziki wa gitaa kali, kasi na hasira, lakini wapo, na wengi wao ni watu wazima. Yupo aliyesoma Ulaya miaka ya 80 akarudi na sanduku la kaseti. Yupo aliyefanya kazi migodini Geita akaupata muziki huu kwa wenzake kutoka Australia na Afrika Kusini. Yupo aliyenunua fulana ya mtumba ya Ramones pale Mlango Mmoja kwa sababu rangi ilimpendeza, kisha akataka kujua hao walioandikwa kifuani ni kina nani, na tangu hapo hakurudi nyuma. Kaa na yeyote kati yao na muda si mrefu atakwambia kwamba panki ya kweli iliisha zamani, ya sasa ni kelele za watoto.

Kazi yangu ni kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi na simu hapa Kirumba. Wateja wengi wanajua wanachokitaka: bongofleva ya wiki hii, kwaya, singeli, zilipendwa. Wakongwe wa panki ndio wanaonifanya nikae chini nifikiri. Ninaamini kwa moyo wote kwamba katika miaka hii kumi na kidogo panki imepata bendi nzuri kuliko wakati wowote tangu mwanzoni mwa miaka ya 80, na inaniuma mtu aliyeupenda muziki huu maisha yake yote akiukosa kwa sababu tu hakuna aliyemwelekeza. Kama una mjomba, mwalimu, bosi wa gereji au rafiki wa namna hiyo, fuata hatua hizi.

Kanuni inayozibeba zote ni hii: usimtafutie bendi inayofanana na ile anayoipenda, mtafutie bendi inayofanya kazi ileile. Bendi inayofanana na The Clash anayo tayari, ni The Clash wenyewe. Anachokikosa ni watu wa leo wanaotazama mtaa wao kwa hasira na upendo uleule na kuugeuza wimbo.

Hatua ya 1: Kaa naye umsikilize

Katika jambo hili mkongwe ni mkubwa wako, hata kama mmelingana umri. Toa shikamoo yako, agiza chai, na usianze na simu mkononi. Ukianza kwa kumchezea wimbo mpya umeanza mabishano, na mabishano ya muziki mtu mzima hakubali kuyashindwa.

Usimuulize anapenda bendi gani. Atakutajia yale majina matatu ambayo kila mtu huyataja, na utatoka hapo bila kujua kitu. Uliza hivi:

"Mjomba, kaseti gani uliipiga mpaka utepe ukakatika?"

"Kwenye huo wimbo, ni kipande gani ulikuwa unakirudisha nyuma?"

"Uliacha lini kutafuta bendi mpya?"

Swali la pili ndilo la thamani. Mwangalie anavyolijibu. Kuna atakayeanza kuimba besi kwa mdomo, huyo anataka mdundo unaotembea. Kuna atakayepiga meza kwa vidole haraka haraka, huyo anataka kasi. Kuna atakayekariri maneno, mstari kwa mstari, na kukueleza serikali gani ya Uingereza ilikuwa inasemwa hapo. Kuna atakayeimba kiitikio, na macho yatabadilika. Hawa wanne wote wanaweza kuwa wanapenda bendi moja, lakini ukiwapa orodha moja utawapoteza watatu.

Swali la tatu linakuonyesha wapi pa kuanzia. Wapo walioishia karibu na 1979, kizazi cha kwanza cha London na New York kilipoanza kutawanyika. Wapo walioishia katikati ya miaka ya 80. Na wapo waliovunjika moyo 1994, Green Day na The Offspring walipouza mamilioni ya nakala na panki ikaingia kwenye redio za kawaida. Huyu wa mwisho hana tatizo na muziki mpya. Ana jeraha. Mpe bendi zinazotoa kazi zao zenyewe au zilizo kwenye lebo ndogo, na umwambie hivyo mapema.

Hatua ya 2: Ijue misingi yake kabla ya kumletea yako

Huhitaji kusikiliza kila kitu. Unahitaji kusikiliza kwa makini vitu vichache, kwa sababu mkongwe atakupima.

Albamu ya kwanza ya Ramones, 1976: nyimbo 14, haifiki hata nusu saa. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini ufupi ni jambo la heshima kwao. Albamu ya kwanza ya The Clash, 1977, ambayo ndani yake waliimba upya wimbo wa reggae wa Junior Murvin, na hapo daraja kati ya panki na reggae likajengwa. Kazi ya Buzzcocks ya Januari 1977 iitwayo Spiral Scratch, waliyoirekodi kwa fedha za kukopa na kuitoa wenyewe. Vijana wengi Uingereza walijifunza kwayo kwamba inawezekana kutoa rekodi bila kampuni kubwa. Germfree Adolescents ya X-Ray Spex, 1978, yenye sauti ya Poly Styrene, binti ambaye baba yake alikuwa Msomali. Cut ya The Slits, 1979.

Kwa upande wa Marekani, sikiliza Bad Brains, vijana weusi wa Washington walioanza na jazi, wakahamia panki, kisha wakachanganya na reggae. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1982 ikiwa kaseti tu. Ongeza Damaged ya Black Flag, 1981, na Minor Threat. Kizazi hicho kiliifanya panki iwe kali na ya kasi zaidi, na mtindo wenyewe ukaitwa hadikoo.

Zote hizo zinaingia ndani ya siku chache jioni. Ukimaliza, utaona mkongwe anaongea nawe kwa namna nyingine.

Hatua ya 3: Mletee kwanza cha zamani asichokijua

Hatua hii wengi huiruka, nami naona ndiyo inayofungua mlango. Kabla ya bendi ya 2022, mpe bendi ya 1975 ambayo hakuwahi kuisikia. Atakuheshimu, na muhimu zaidi, ataanza kukubali kwamba hajamaliza kuijua panki.

Ninazitumia mbili. Ya kwanza ni Death, ndugu watatu weusi wa Detroit wa familia ya Hackney. Walirekodi nyimbo zao 1975, kabla Ramones hawajatoa albamu. Kampuni kubwa ilitaka wabadilishe jina, David, ndugu aliyeiongoza bendi, akakataa, na kanda zikabaki ndani ya nyumba. Albamu ikatoka 2009, David akiwa ameshafariki. Mchezee mkongwe wako bila kumwambia mwaka. Muulize anadhani ni ya lini. Kisha mwambie.

Ya pili ni National Wake ya Johannesburg. Walianza 1979, weusi na weupe jukwaa moja na nyumba moja, wakati sheria za ubaguzi zilikataza hata kuishi mtaa mmoja. Walitoa albamu moja tu, 1981, na ikaondolewa sokoni mapema kwa shinikizo la serikali. Rekodi zao zilitolewa upya 2013. Besi na dramu za ndugu wawili wa ukoo wa Khoza zinakupeleka kwenye reggae na muziki wa Soweto bila kuacha gitaa kali. Kwa mkongwe wa Mwanza ambaye siku zote aliambiwa kwamba panki ni mambo ya Wazungu, nusu saa ya National Wake inafanya kazi kuliko maelezo yoyote.

Hatua ya 4: Linganisha kazi na kazi

Sasa una majibu yake ya hatua ya kwanza. Yatumie.

*Anayetaka kasi na ufupi.* Huyu ndiye rahisi. Mpe Amyl and the Sniffers wa Melbourne. Kazi yao ya kwanza waliitunga, wakairekodi na kuitoa ndani ya saa 12, na Amy Taylor anaimba kama mtu aliyezuiwa kuongea kwa wiki nzima. Anza na Comfort to Me ya 2021. Baada yao, The Chats wa Queensland, nyimbo kuhusu mapumziko ya kazini na pesa kuisha, bila pambo lolote. Kutoka London kuna Chubby and the Gang, bendi ya Charlie Manning-Walker, ambaye ni fundi umeme; albamu yao Speed Kills ya 2020 inachanganya kasi ya hadikoo na rock and roll ya miaka ya 50, na mkongwe aliyewahi kupenda The Damned ataielewa kwenye sekunde za mwanzo. Kisha, akishazoea, mpe Otoboke Beaver, wanawake wanne wa Kyoto. Super Champon ya 2022 ina nyimbo 18 katika dakika zipatazo 21, na zinageuka ghafla mahali ambapo sikio halitarajii. Haelewi Kijapani? Hahitaji.

*Anayekariri maneno.* Huyu ni mtu wa The Clash, Stiff Little Fingers au Dead Kennedys. Usimpe bendi yenye siasa za juujuu, atakugundua. Bob Vylan, wawili kutoka Uingereza, wanachanganya panki na grime, muziki wa kufokafoka wa vijana wa London. We Live Here ya 2020 waliitoa wenyewe, na inasema mambo ya ubaguzi kwa lugha ya mtu aliyekulia ndani yake. Mkongwe anaweza kukwama kwenye kufokafoka huko. Mkumbushe The Clash walivyochukua reggae ya majirani zao wa London. Hawa nao wamechukua muziki wa majirani zao. High Vis, pia wa London, wana Blending ya 2022, yenye hasira iliyotulia na gitaa za kuelea, nyimbo za wanaume wa tabaka la wafanyakazi wanaojifunza kusema yanayowaumiza. Nimeona watu wazima wakiirudia hiyo peke yao, bila kuambiwa. IDLES wa Bristol nao ni wa hapa. Joy as an Act of Resistance ya 2018 ndiyo ya kuanzia, kwani inaongea wazi kuhusu baba, msiba na wahamiaji.

Kwa mtu wa maneno fanya jambo la ziada: chapisha mashairi kwenye karatasi. Kiingereza cha Bristol, cha Dublin au cha Queensland hakisikiki kirahisi kwa sikio lililozoea cha darasani, na stationari yoyote itakutolea kurasa hizo kwa bei ndogo. Mtu akishika karatasi mkononi husikiliza tofauti.

*Anayetaka ukali.* Mtu wa Bad Brains na Black Flag ana bahati kubwa zaidi ya wote, kwani hadikoo ya sasa imechangamka mno. Turnstile wa Baltimore ndio mlango. Glow On ya 2021 ina nguvu zote za zamani, lakini ndani yake kuna ngoma zinazocheza na sauti za kuota ndoto. Mkongwe mgumu atasema ni laini. Usibishane. Mpe Time & Space ya 2018, ambayo ni kavu zaidi, kisha umrudishe kwenye Glow On baada ya wiki.

Kisha Soul Glo wa Philadelphia, na hapa naomba usikimbie. Diaspora Problems ya 2022 kwangu ni mojawapo ya albamu kubwa za panki za wakati wowote. Ni bendi ambayo wengi wao ni vijana weusi, wanapiga kasi ya kutisha, wanaingiza tarumbeta, wanaingiza rap, na maneno yanamwagika haraka kiasi kwamba bila karatasi hutayafuata. Wanaongea kuhusu fedha, kifo, polisi, urafiki na uchovu. Yaliyofanywa na Bad Brains mwaka 1982, yaani kuchukua muziki ambao watu walidhani si wao na kuupiga vizuri kuliko wenyewe, Soul Glo wanayafanya leo. Ukitaka mmoja tu wa kumpa mtu wa hadikoo, mpe huyu. Zulu wa Los Angeles wako karibu nao: A New Tomorrow ya 2023 inaweka vipande vya muziki wa soul na reggae katikati ya ngurumo, na mtu aliyekulia na reggae ya redio atapata pa kupumzikia.

*Anayependa sauti za wanawake wa panki,* wa X-Ray Spex na The Slits. Big Joanie ni wanawake weusi wa London. Sistahs ya 2018 ni ya polepole kidogo, gitaa zito, ngoma chache zinazopigwa mahali pake. The Linda Lindas wa Los Angeles walijulikana dunia nzima Mei 2021 kwa video waliyopiga ndani ya maktaba ya umma, mdogo wao akiwa na miaka 10 na mkubwa 16, wakimjibu mvulana wa shuleni aliyemtolea mmoja wao maneno ya kibaguzi. Growing Up ya 2022 ina viitikio vya kumfaa hata mtu wa Buzzcocks. Lambrini Girls wa Brighton, albamu Who Let the Dogs Out ya Januari 2025, ni wakali zaidi na matusi ni mengi, kwa hiyo usiwafungulie sebuleni wakwe wakiwepo.

*Anayeimba kiitikio.* Mtu wa Buzzcocks, The Undertones, au hata Green Day kwa siri. PUP wa Toronto, Morbid Stuff ya 2019. Jeff Rosenstock, albamu ya 2016 iitwayo WORRY., ambayo nusu yake ya pili ni nyimbo fupi zilizounganishwa bila kusimama. Kama anapenda ska, ule muziki wa Jamaika uliotangulia reggae, The Interrupters wa Los Angeles hawatamwangusha.

*Anayependa ile panki baridi ya kufikirisha,* ya Wire na Gang of Four, pamoja na yule aliyeimba besi kwa mdomo: Dogrel ya Fontaines D.C., 2019, kisha New Long Leg ya Dry Cleaning, 2021, ambapo mwimbaji anaongea badala ya kuimba. Hawa watu wa panki baridi hujitafutia wenyewe wakishapata majina mawili, wala hawahitaji kusukumwa.

Hatua ya 5: Mrudishe nyumbani

Mkongwe wa Mwanza amezoea kudhani kwamba kila kitu cha panki kiko mbali. Siyo kweli tena. Nairobi kuna Crystal Axis, bendi inayoimba kuhusu Mfalme Leopold na Kongo, na kuhusu mateso ya Nyayo House, mambo ambayo mtu mzima wa kanda hii anayajua bila kufafanuliwa. Nairobi hiyohiyo ndiyo ilimtoa Duma, wawili waliochanganya kelele za mashine na mayowe. Albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Duma ni mzigo mzito. Mpe mtu wa ukali peke yake, na umwonye.

Waandaaji hao wa Nyege Nyege ndio walioanzisha tamasha kule Jinja mwaka 2015, ng'ambo ya ziwa hilihili, pale Nile inapoanzia. Na lebo yao ndiyo iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli ya Dar es Salaam uliozunguka dunia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wazee wengi. Singeli ndiyo ndugu wa karibu zaidi wa panki katika nchi hii. Kasi yake hupita midundo 200 kwa dakika, hutengenezwa kwenye vyumba vya uswahilini kwa kompyuta chakavu, huimba kodi ya nyumba, mapenzi ya kuumizana na polisi, na watu wenye heshima zao huilaani. Yote hayo yalisemwa kuhusu panki mwaka 1977. Mkongwe anayeidharau singeli huku akiisifia hadikoo hajakaa akasikiliza. Mpe nyimbo mbili za mkusanyiko huo wa Sounds of Sisso katikati ya orodha, baada ya wimbo wa kasi wa Otoboke Beaver, bila kutangaza. Na kama wewe mwenyewe ni kijana uliyekulia kwenye singeli, basi sikio lako liko tayari kwa panki kuliko unavyodhani.

Hatua ya 6: Tengeneza flashi

Usimtumie viungo kumi kwenye WhatsApp. Bando litaisha, au atafungua cha kwanza na kusahau vingine. Mpe flashi au memori kadi, yenye nyimbo 10 hadi 12 tu. Ziwe wimbo mmoja kwa kila bendi.

Panki ni nafuu kwa nafasi. Wimbo wa dakika mbili kwa ubora wa kilobiti 320 hauzidi MB 5, kwa hiyo usichukue ubora wa chini wa 128. Gitaa za panki zikibanwa sana zinageuka mchanga, na mkongwe atailaumu bendi badala ya faili.

Mpangilio ninaoupendekeza: wimbo wa kwanza uwe wa zamani anaoujua na kuupenda. Wa pili, Death au National Wake. Wa tatu, bendi mpya iliyo karibu kabisa na jibu lake la kipande alichokuwa anakirudisha. Halafu sogea mbali kidogo kidogo. Weka wimbo mgumu zaidi kwenye nafasi ya saba au ya nane, akiwa ameshapata joto, wala usiuweke mwisho. Mwisho weka wenye kiitikio, kwani huo ndio atakaobaki nao mdomoni.

Yape mafaili majina kamili: bendi, wimbo, mwaka, mji. Redio za gari husoma majina hayo, na mwaka ukionekana kwenye kioo unamfundisha bila wewe kuwepo.

Kuhusu kupata nyimbo zenyewe: bendi nyingi hizi zipo Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, ambako sehemu kubwa ya pesa huwafikia wenyewe na unapakua faili la ubora wa juu likabaki lako. Kwa malipo, kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia huduma za fedha za simu inatosha. Najua mazoea ya mtaani kwetu, lakini bendi hizi ni ndogo. Baadhi yao wanaendelea na kazi zao za mchana. Albamu moja ukiinunua unaonekana. Zile ambazo huwezi kuzinunua, zisikilizeni kwenye YouTube.

Na kwa mtu wa hadikoo, video ni bora kuliko faili. Kituo cha YouTube cha hate5six kinarekodi maonyesho laivu, na akiona mwimbaji anampa shabiki kipaza sauti na watu wanaruka kutoka jukwaani, ataelewa Turnstile ni nini haraka kuliko kwa albamu. Kwa bendi tulivu zaidi, tafuta rekodi za studio za redio ya KEXP ya Seattle. Pakua mapema usiku bando likiwa nafuu.

Hatua ya 7: Chagua pa kusikilizia

Spika ndogo ya kuchaji inaua besi, na besi ndiyo nusu ya panki. Kama ana sabufa nyumbani, hiyo ndiyo, kwa sauti ambayo jirani anaweza kuivumilia. Gari ni bora zaidi: barabara ya kwenda Nyegezi au Usagara inatosha kabisa kwa flashi nzima. Kama anasafiri kwa maji, kivuko cha Kamanga kinabeba albamu moja fupi, na meli ya kwenda Nansio inabeba kadhaa, mradi ana visikilizio vizuri vya kuzima kelele za injini.

Epuka baa. Epuka pia siku ya mpira. Na mara ya kwanza usikae ukimtazama uso kusubiri jibu. Mwachie aende nayo. Mtu mzima hapendi kuonekana akibadilisha mawazo.

Hatua ya 8: Pokea majibu yake

Akisema "hawa wanaiga," muulize wanaiga nini hasa. Akikutajia bendi, umepata taarifa mpya ya kurekebisha orodha. Andika.

Akisema "sauti imesafishwa mno," yuko sahihi mara nyingi. Studio za sasa zinasafisha. Mpe laivu, au mpe Snõõper wa Nashville, ambao sauti yao imebaki ya chumbani, ya kuparuza.

Akisema "hii siyo panki," usichukue kamusi. Mwambie, "Sawa mjomba, tuliache jina. Wimbo wenyewe umeuonaje?" Swali hilo limenifungulia mazungumzo mengi hapa dukani kuliko hoja yoyote.

Akinyamaza, subiri. Kimya cha mkongwe kinaweza kumaanisha anausikiliza tena wimbo kichwani, na anaweza kurudi baada ya wiki akiwa na jina moja tu alilolishika. Jina hilo ndilo lako. Siku hiyo usimpe bendi nyingine hata moja. Mpe albamu nzima ya bendi hiyo, kwa mpangilio wake, pamoja na mashairi yaliyochapishwa. Kisha mwombe akuandikie yeye nyimbo kumi za zamani unazopaswa kuzijua, na umpe flashi tupu ya kuziwekea.